Kwa nini watu bado wanampenda Harry Lime?

Mwenye_Banda_Mabatini
Habari za jioni wakuu. Nina banda la video hapa Mabatini, Mwanza. Siku za mpira watu wanasimama hadi nje, siku nyingine naweka muvi zilizotafsiriwa. Juzi mzee mmoja, mteja wangu, alinipa flashi yenye The Third Man ya Carol Reed, ya mwaka 1949, akasema niwaonyeshe vijana majasusi wao walikotoka. Nikaiweka, nikawa naeleza mwenyewe kwa mdomo.

Karibu saa nzima Holly Martins, mwandishi wa riwaya, anahangaika Vienna, vita vimeisha na mji umegawanywa kati ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi, anauliza rafiki yake Harry Lime alikufaje. Vijana wakaanza kuchezea simu. Halafu paka akaenda kukaa kwenye viatu vya mtu aliyejibanza mlangoni gizani. Dirisha la juu likawashwa taa, mwanga ukampiga usoni: Orson Welles, yaani Harry Lime mwenyewe, kumbe mzima, anatabasamu kidogo tu. Banda zima likalipuka makofi. Na walimshangilia huku wameshajua anauza penisilini iliyochakachuliwa na watoto wamekufa.

Nauliza kwa dhati. Picha hii imeacha nini kwenye muvi za leo? Na inakuwaje adui anashangiliwa kuliko steringi?

Kamera_Kirumba
Mkuu, kuhusu majasusi mzee wako kasema kweli tupu. Guy Hamilton, aliyekuwa msaidizi wa Reed kwenye picha hiyo, ndiye baadaye aliyeongoza Goldfinger (1964), ile ya James Bond. John Glen alikuwa kijana wa chumba cha kuhariri. Mwaka 1987 alipoongoza The Living Daylights akampeleka Bond Vienna na kumpandisha kwenye Riesenrad, gurudumu lilelile kubwa la kubembea wanalopanda Lime na Holly. Na yule Sajini Paine anayependa riwaya za Holly ni Bernard Lee, ambaye ndiye M, bosi wa Bond, kuanzia 1962 hadi 1979.

Ila mimi napiga video za nyimbo, kwangu kikubwa ni mwanga. Robert Krasker alipewa Oscar kwa kazi ile na aliistahili. Mawe ya barabara yalimwagiwa maji usiku ili yarudishe mwanga, kamera ikainamishwa hadi kuta zinaonekana kama zinataka kukuangukia, na mtu mfupi akatoa kivuli cha ghorofa nzima. Nikipiga usiku maeneo ya Mwaloni kitu cha kwanza naomba ndoo za maji. Lami kavu inameza mwanga. Ikilowa, taa moja iliyo nyuma ya mwimbaji inatosha.

Muziki nao: Anton Karas peke yake na zita, ala ya nyuzi inayolazwa kama kanuni ya taarabu. Reed alimkuta akipiga kwenye kilabu cha mvinyo, akamkabidhi picha nzima. Wimbo wa Harry Lime ulikaa namba moja Marekani wiki 11 mwaka 1950.

Dada_wa_Dawa_Igoma
Kaka zangu, mimi nina duka la dawa muhimu Igoma, na picha hiyo siwezi kuitazama kwa ajili ya vivuli tu.

Chupa ya amoksilini ya watoto inakuja na unga mkavu. Unaigonga ili unga uachie, unatia maji yaliyochemshwa yakapoa, unatikisa, unaongeza mpaka kwenye mstari. Ukipitisha mstari, rangi inabaki ileile na harufu ya matunda ileile. Mama hawezi kujua. Mtoto anameza kijiko kamili, kumbe dawa iliyomo haifiki kipimo, na vimelea vigumu vinabaki vinaendelea na kazi. Kila mama namwekea kidole pale kwenye mstari, hata akiwa na haraka. Lime alifanya hivyo kwa makusudi, kwa penisilini iliyoibwa hospitali za jeshi, na wagonjwa wake walikuwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo.

Vijana wako usiwalaumu. Reed alitaka tumpende kwanza. Kule juu ya gurudumu Lime anamwonyesha Holly watu walio chini, vidoti tu, anamuuliza kama kweli angeona huruma kidoti kimoja kikisimama, kwa paundi 20,000. Panda hapo kwenye mawe ya Mabatini jioni utazame chini barabara ya Nyerere, utaona hesabu ile inavyoingia akilini bila kubisha hodi. Ndipo Reed anatupeleka wodini. Mtoto hata mmoja hatuonyeshwi. Tunaona uso wa Holly akitazama vitanda, na muuguzi anayeondoa mwanasesere wa dubu. Baada ya hapo Holly anakubali kumtega rafiki yake.

Kinachoniuma ni kwamba dunia ilichukua tabasamu, wodi ikaiacha. Mwaka 1951 Welles alirudi redioni kama Harry Lime, visa vya kabla ya kifo chake, mjanja wa kupendeza. Kisha ikaja ya televisheni, 1959 hadi 1965, Michael Rennie akiwa Lime mfanyabiashara anayesaidia watu! Na mpaka leo tunaletewa wauza unga watanashati wenye maneno matamu, na waliokunywa sumu yao hatuwaoni. Ukiionyesha tena, wodini punguza maelezo. Waache watazame.

Kamera_Kirumba
Naunga mkono, dada. Na mwisho vilevile. Graham Greene aliyeandika hadithi alitaka Holly na Anna, mpenzi wa Lime, watoke makaburini pamoja, Reed akakataa. Anna anakuja kwa miguu kutoka mbali kabisa, anampita Holly bila kumtazama. Neno hakuna, ni zita tu. Mtafsiri akiongea hapo kaharibu.

Mwenye_Banda_Mabatini
Asanteni sana. Jumamosi naiweka tena, na wodini na makaburini mdomo naufunga. Dada wa Igoma, njoo na hiyo chupa uwaeleze vijana kabla sijawasha projekta, wakikutana na Lime wawe wanajua anauza nini. Kina mama siku hiyo hawalipi kiingilio.