"Merini bodi" ya kumwagia zege: nimeuziwa nitie kwenye boti ya marehemu mzee

Wakuu, naandika hapa vidole vinatetemeka kwa hasira, mtanisamehe.

Boti ni ya faiba, futi 19, mzee aliinunua 1994. Utoto wetu wote Tanga umepita mle. Alipofariki ikalala chini ya mwembe miaka tisa, ngama, yaani tumbo la boti, imejaa maji ya mvua na majani. Mwaka jana nikasema naifufua mwenyewe. Mimi si fundi, ni mwalimu wa sekondari.

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni plaiwudi iliyofichwa ndani yake, hasa pale shetrini, nyuma kabisa, mashine inapofungwa. Maji yanapenya kwenye matundu ya bolti, yanajikalia humo miaka. Niligonga kwa mpini wa nyundo: pembeni ko ko ko, katikati bwa. Nikachoma bisibisi, ikazama hadi mpini, yakatoka maji rangi ya chai ya rangi. Basi nikafumua yote. Wikendi tatu na grenda. Asiyewahi kulala na vumbi la faiba mgongoni asinihadithie habari za upupu.

Sasa uhuni wenyewe. Nimefika duka moja Dar, nikamweleza muuzaji kwa kituo: nataka plaiwudi ya boti, itabeba mashine ya nguvu farasi 40. "Merini bodi hii hapa bosi, milimita 18, maji hayaingii kabisa." Imevaa ngozi nyeusi pande zote mbili, inang'aa kama kiatu cha polisi. Nikalipa, nikalipia na mzigo kwenye basi.

Nikagandisha mbili pamoja, nikalaza mikeka ya faiba tabaka kwa tabaka, resini, ile gundi ya faiba, nimepima, hadina ya kuigandisha nimepima kwa bomba la sindano, si kwa kifuniko cha soda. Ikakauka ngumu, safi. Nikaita hadi mama aje aone.

Wiki mbili baadaye natoboa tundu la kwanza la bolti, faiba ikainuka. Nikaishika kwa vidole nikavuta. Ikabanduka yote, vuuup, kama stika ya daladala, na upande wake wa ndani unang'aa vilevile kama ile ngozi nyeusi. Haikushika hata mahali pamoja! Nikakata pembe ya ubao niangalie ndani: mapengo ya kuingiza shilingi mia.

Nikamwita mzee mmoja anayeunda boti. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hii ni ya kumwagia zege. Hiyo ngozi imewekwa makusudi zege lisigande. Zege halishiki, resini itashikaje?"

Napiga simu dukani, najibiwa: "Si uliomba merini? Nchi nzima inaitwa hivyo." Na kinachoniuma ni kwamba kweli inaitwa hivyo! Ingia hadiwea yoyote useme merini, unaletewa ya zege. Merini ya kweli haina ngozi, ndani haina mapengo, gundi yake inavumilia kuchemshwa, na ina muhuri wa BS 1088, kile kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti. Huyu nilimtajia boti. Nilimtajia na mashine.

Najua kuna watakaosema ningeikwangua ile ngozi kwa grenda. Sawa, na yale mapengo ningeyaziba na nini, ugali? Mashine ina kilo sabini na kitu. Ingeng'oka tukiwa baharini na watoto wa dada yangu mle ndani, muuzaji angeniambia nchi nzima inaitwa hivyo?

Na wale wa "uza hilo gofu ununue mpya", piteni tu. Mashine ya mzee iko chumbani kwa mama, kaifunika kanga.

Anayejua duka lenye BS 1088 ya kweli, Tanga, Dar au hata Mombasa, aandike hapahapa hadharani. Msiniambie njoo inboksi.