Uteja wa Ohio State kwa Michigan: tunaoishi huku tupeane uzoefu

Bi Jikoni (mwenye uzi)

Habarini wakuu. Wa Columbus na vitongoji vyake, na ninyi wa upande wa pili huko Michigan, tukutane hapa. Nataka yaliyokukuta wewe mwenyewe, magazeti tumeshasoma. Mada ni futibo ya vyuo ya hawa Wamarekani (ile ya kukimbia na mpira mkononi), mechi ya Ohio State, chuo cha hapa Columbus, na Michigan, chuo cha Ann Arbor, na ile miaka minne ya uteja, 2021 hadi 2024, Ohio State wakifungwa kila mwaka.

Naanza mimi. Niliingia Columbus Oktoba 2021, nikapata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya kulea wazee. Wiki ya mwisho ya Novemba nafika asubuhi, nachukua beji yangu pale zinapotundikwa, nakuta herufi ya kwanza ya jina langu imebandikwa utepe mwekundu, alama ya kukata kabisa. Jina langu linaanza na M. Moyo ukapiga paa. Nikajua tayari, wameshanichoka na hata miezi miwili sijamaliza. Nikamfuata msimamizi, beji mkononi, machozi karibu.

Yule mama alicheka mpaka akavuta kiti. Akanishika mkono tukazunguka jengo: ubao wa menyu, katoni za maziwa, mlango wa stoo, kila M imekatwa. Kumbe na chuoni kwenyewe ndivyo, wiki ya mechi herufi M kwenye mabango zinabandikwa X nyekundu. Na Michigan hawaitaji kwa jina, ni "ile timu ya kaskazini".

Jumamosi ile, 27 Novemba, theluji inadondoka Ann Arbor, Michigan wakashinda 42-27. Mtu mmoja, Hassan Haskins, alifunga tachidauni tano (moja ni pointi 6, kwa msiojua). Ohio State walikuwa hawajafungwa na hawa tangu 2011. Jumatatu kazini kimya, kama kuna msiba. Mzee wa chumba cha mwisho, ambaye hunitania kila siku, alirudisha uji wake haujaguswa. Kwetu mechi ya watani wa jadi ikiisha, aliyefungwa anazomewa mtaa mzima mpaka aingie ndani. Hawa wananuna. Bora kuzomewa.

Karibuni, tiririkeni.

Mkeka Umechanika

Dada, mimi sina maneno mengi. 30 Novemba 2024, Columbus, nyumbani kwao. Ohio State wameshinda 10 wamepoteza 1, Michigan wana 6-5, yaani timu ya kuungaunga. Wenye kamari wanawapa Ohio State ushindi wa karibu pointi 20. Nikaweka hela ya kodi. Matokeo: 10-13. Sekunde 45 zimebaki yule mpigaji wao Zvada anapiga mpira katikati ya nguzo, yadi 21 tu, nami nimekaa chini sebuleni nashika kichwa. Mke wangu hajui mpaka leo. Kama yumo humu, samahani.

Mtoto wa Katanga

Mkeka, kakangu, pole sana. Ila mnaongea kama ugonjwa huu ulianza 2021. Sikilizeni.

Mimi ni wa Lubumbashi, baba ni mtu wa Kasai. Nafanya kazi kwenye bohari ya vipuri, na nyuma yangu anakaa mzee mmoja mzungu, karibu astaafu. Siku ya kwanza akaniuliza natoka wapi. Congo. Uso wake ukabadilika. Akauliza, "Kama Biakabutuka?" Mimi huyo mtu sikumjua! Jina nilijua la kwetu, mtu mwenyewe hapana.

Basi mzee akaacha kazi, akanisimulia. Mwaka 1995 Ohio State walicheza mechi 11, wakashinda 11. Ya 12 ni Michigan. Huko kulikuwa na kijana aliyezaliwa Kinshasa akakulia Canada, Tshimanga Biakabutuka. Siku ile alikimbia na mpira yadi 313. Ipige kwa mita, ni kama 286, na kila mita kuna mtu wa kilo 120 anataka kukulaza chini. Michigan wakashinda 31-23. Mzee anasema aliitazama na baba yake, na baba yake alizima televisheni akaenda kuosha gari usiku. Novemba! Baridi ile!

Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Ohio State hawajapoteza hata moja, wako kwao, wanafungwa 13-9. Kocha wao alikuwa John Cooper. Mechi zingine alikuwa akishinda mpaka watu wanachoka, lakini kwa Michigan, katika miaka 13, alishinda 2, sare 1, alipoteza 10. Baada ya msimu wa 2000 wakamfukuza. Aliyekuja, Jim Tressel, hata hajafundisha mechi moja, alisimama mbele ya watu akahesabu siku zilizobaki kabla ya kwenda Ann Arbor: 310. Hakutaja timu nyingine yoyote. Akaenda, akashinda.

Sasa kinachonichekesha. Jina langu mimi ni la silabi mbili, mzee limemshinda miaka sita. Biakabutuka analitamka kama mtu wa Mbuji-Mayi.

Shangazi wa Ann Arbor

Wallahi watu wa Columbus mnajua kulia. Minne tu mnafungua uzi? Sisi tulikuwa wateja wenu kuanzia 2012 hadi 2019, hatukupata hata moja! 2016 tulikwenda mpaka muda wa nyongeza mara mbili, waamuzi wakasema mmefika kwenye mstari kwa inchi tu, uamuzi ambao mume wangu hadi leo akiukumbuka hali chakula. 2018 mkatupiga 62-39. Mdogo wangu anakaa huko kwenu, Shukrani ile (sikukuu yao ya Novemba) alinipigia simu, nikapokea, sikusikia salamu wala nini, yeye anahesabu tu: moja, mbili, tatu... hadi sitini na mbili. Nikamsikiliza mpaka mwisho, maana ni mdogo wangu wa tumbo moja.

2022 tuliposhinda 45-23 kwenu, mara ya kwanza hapo Columbus tangu 2000, nilimpigia mimi. Nilifika kumi na saba akakata.

Mluhya wa Kibanda

Mimi hiyo ya 2024 nilikuwa ndani ya uwanja, nilikuwa nauza soda na mkate wa soseji. Zaidi ya watu laki moja, na ile filimbi ya mwisho ilipolia ningeweza kusikia barafu ikiyeyuka kwenye ndoo yangu. Halafu vijana wa Michigan wakaleta bendera wakitaka kuisimika katikati, pale kwenye O kubwa. Vita ikaanza. Polisi wakapuliza dawa ya pilipili kwa wachezaji, na baadaye kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yangu na pesa mkononi. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Hata sijui." Akaniachia dola kumi akaenda.

Mjuaji

Nyie mnanishangaza. Si hao hao Ohio State wakachukua ubingwa wa taifa Januari 2025? Wakakipiga chuo kingine, Notre Dame, 34-23. Uteja gani wa bingwa?

Bi Jikoni (mwenye uzi)

Mjuaji, hujaishi na hawa watu. Kuna kitu kinaitwa suruali ya dhahabu. Ni kidani kidogo, ukubwa wa kucha, na tangu 1934 mchezaji wa Ohio State anapewa akimfunga Michigan. Ubingwa haukupi hicho. Wale vijana walioingia 2021, akina Jack Sawyer na Emeka Egbuka, wamecheza miaka minne, wameondoka na pete ya ubingwa wa taifa. Suruali hawana hata moja. Nilimpongeza mzee wa chumba cha mwisho kwa ule ubingwa. Akasema, "Asante, lakini..." akageukia dirishani.

Tarehe 29 Novemba 2025 wamefuta uteja, 27-9, tena Ann Arbor. Jumatatu yake mzee alikula uji, akaomba mwingine, akaanza kunitania kama zamani.

Mimi iliyoniathiri ni beji. Utepe wa miaka yote hiyo umeacha gundi, M haisomeki tena, wageni wananiita kwa herufi ya pili. Nimeomba mpya. Msimamizi kasema atanitengenezea, ila baada ya Novemba.