Tupeane uzoefu: siti ya pikipiki ya kubadilisha kwa safari ndefu, ipi inafika Arua na mwenye nayo bado anaweza kukaa?

LamiMpakaArua
Uzi wetu uliopita, wa kujadili oili ya injini, umeishia kwa watu kulalamikia makalio, kwa hiyo makalio nayo yapewe uzi wake. Kampala mpaka Arua ni karibu kilomita 500. Siti ya pikipiki za boda kama Boxer au HLX inayotoka dukani ni ya kupanda na kushuka mjini, Wandegeya–Ntinda, siyo ya kukaliwa kutwa nzima. Anayebadilisha aangalie nini kwanza: upana, sponji, au jina lililochapwa ubavuni? Leteni vipimo tafadhali. "Iko poa sana kaka" haimsaidii mtu.

SponjiNaUzi
Tuanze na siti laini, maana ndiyo inayouzika. Unaibonyeza kwa dole gumba, inazama kama andazi la moto, unalipa. Mpaka Bombo unawaonea wenzako huruma. Wobulenzi mifupa miwili ya kukalia imeshazama ikagusa bamba la chini, ila nyama za pembeni bado zinabembelezwa, kwa hiyo hujui. Luwero unaanza moto. Siyo maumivu bado. Ni moto, madoa mawili, kila moja upana wa sarafu. Unasogea mbele karibu na tangi: nafuu dakika tano. Unarudi nyuma: nafuu dakika mbili. Unakalia upande mmoja: sasa kiuno nacho kinaingia kwenye kesi. Migera nafuu zote zimekwisha, na kuanzia hapo kila tuta unalihesabu kabla hujalifikia. Kafu umesimama juu ya vikanyagio na hakuna shimo. Karuma hata Naili huitazami, unatafuta benchi tu, na ukilipata, ajabu yake, benchi la mbao linauma kidogo kuliko siti.

Jibu limo kwenye lile benchi. Ni gumu lakini ni pana, makalio na mapaja yanagawana mzigo. Siti laini na nyembamba inaiachia mifupa miwili ibebe kilo 80 peke yake, na damu haipiti pale ilipobanwa.

Sponji ya godoro la bei ya chini ina kilo 16 hadi 25 kwa mita moja ya ujazo. Kuta za vishimo vyake ni nyembamba, zikikunjwa mara nyingi hazirudi. Siti inataka 50 kwenda juu, na tabaka la chini kabisa liwe ile sponji ya rangirangi ya vipande vilivyogandishwa, 80 au zaidi. Na msichanganye: uzito siyo ugumu. Kuna sponji nzito na laini, kuna nyepesi na ngumu. Uzito unakuambia itadumu muda gani. Ugumu unachaguliwa kwa kilo za mwenye kukalia.

BodaMbale
Migera. Hapo hapo.

MzeeWaShokapu
Mnamuua mshonaji siti bure. Nusu ya kesi hizi ni shokapu. Boda anazikaza hadi kidato cha mwisho kwa sababu ya abiria na matooke, halafu anaondoka peke yake kwenda Gulu na kidato kile kile. Chuma hakishuki, kila tuta linapanda moja kwa moja mpaka shingoni, halafu siti ndiyo inaitwa mbaya.

Pimeni. Pikipiki juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likining'inia, pima kutoka ekseli hadi alama yoyote juu yake kwenye bodi. Ishushe, ikalie na mzigo wa safari, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Ikipungua, legeza kidato. Na upepo wa tairi uliojazwa kwa ajili ya watu watatu, upunguzeni mpaka kile kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko.

Jingine: siti inayokutelezesha kwenye tangi haihitaji kubadilishwa. Ongeza washa (pete bapa) za mpira za milimita 5 hadi 10 chini ya vipira vya mbele vinavyobeba bamba la siti, au ng'oa vipira vya nyuma ili mkia ushuke. Bure kabisa.

TenereWaKabale
Kwa wenye pikipiki kubwa, majina ya siti za kuagiza yapo na kila moja lina falsafa yake. Corbin ni ngumu kama kiti cha kanisa, na inataka kukaliwa kilomita elfu moja na zaidi kabla haijakubali umbo lako. Watu huikataa wiki ya kwanza na kuisifu mwezi wa tatu. Sargent ni pana nyuma, ugumu wa kati. Russell Day-Long ina mabawa mawili yanayoshika mapaja kwa pembeni: mbaya kwa mfupi anayetaka kutia miguu chini, tamu kwa mwendo wa lami. Seat Concepts wanauza sponji na kava tu, unafunga mwenyewe kwenye bamba lako la zamani, na hapo ndipo unapookoa usafiri kwa sababu kifurushi ni chepesi. Marekani kuna wanaoendesha maili 1,000 ndani ya saa 24, na siti hizi zimepimwa na watu wa namna hiyo.

BodaMbale
Na ushuru wake ni ng'ombe wangapi? Huu uzi ni wa pikipiki au wa ubalozi?

TenereWaKabale
Mtu aliuliza kuhusu majina, nimejibu majina. Kama hulitaki jina, pita.

BodaMbale
Napita, na siti yangu iliyoshonwa kwa mafundi wa Katwe, Kampala.

SponjiNaUzi
Katwe siyo tusi. Mshonaji wa Katwe akipewa vipimo anatoa siti inayokaribia ya kuagiza. Tatizo watu wanampa pikipiki bila maelezo na kumwambia "weka nyingi". Mpeni hivi.

Kaa juu ya kipande cha boksi la karatasi ngumu lenye mikunjo ndani, limewekwa kwenye ngazi ya saruji, mgongo wima kama uko njiani, dakika mbili. Inuka, tafuta mabonde mawili, pima katikati hadi katikati. Wengi wanaangukia kati ya sentimita 10 na 15. Ongeza sentimita 5 kila upande. Huo ndio upana wa sehemu bapa unayotaka pale unapokaa, usipungue. Mbele ya hapo siti ichongwe iwe nyembamba ili miguu ifike chini. Mfupi asikubali kupunguziwa unene chini ya mifupa. Apunguziwe mabega ya siti.

Matabaka: chini sentimita 3 za rangirangi, katikati sentimita 3 za sponji ya 50, juu sentimita 1 laini ya kumalizia. Sponji ikatwe kwa kisu kirefu cha mkate, ichongwe kwa grainda yenye msasa, mkono mwepesi. Gundi ipakwe nyembamba pande zote mbili na kuachwa mpaka haishiki kidole, ndipo ubandike. Pale chini ya mifupa usiweke gundi kabisa. Ikikauka nene inakuwa gamba, na gamba utalisikia ukifika Kigumba.

Kisha ikalie dakika 20 palepale kwa fundi, siyo sekunde 20. Piga goti kwa nguvu: ukisikia bamba, sponji haitoshi.

NyaboWaGia
Mwambieni fundi mishono isikatize pale mifupa inapokaa. Mshono wa urembo katikati ni mzuri kwenye picha tu. Na mifupa ya mwanamke mara nyingi imeachana zaidi, kwa hiyo asiyepima na kuazima vipimo vya mumewe anajitafutia.

Tena mnaongea kama abiria hayupo. Abiria wa kike Uganda mara nyingi anakaa upande. Uzito wote unakaa kwenye ukingo mmoja, ndiyo maana siti ya boda hulegea upande mmoja kwanza. Ukishona upya, ile rangirangi ipandishwe mpaka ukingoni kwa upande huo, siyo katikati tu.

JuaLaMoroto
Geli. Msisahau geli, inatawanya mzigo.

TenereWaKabale
Geli huko Karamoja? Inakula joto saa nzima pikipiki ikiwa juani, inakurudishia saa mbili. Kama ni lazima, iwe pedi ya sentimita 1, ifunikwe na sponji ya sentimita 1 juu yake, na reksini isiwe nyeusi.

JuaLaMoroto
Basi lile kava la shanga la madereva wa teksi. Hewa inapita chini, suruali haigandi.

BodaMbale
Kwa hili nakubaliana na wote wawili na sijui imetokeaje.

WayaMwekundu
Rudini nyuma kidogo. Kuna mtu amesema "ng'oa vipira vya nyuma, bure kabisa". Banange.

Kuna pikipiki ambazo betri iko chini ya siti, na kuna siti ambazo bamba lake ni la chuma. Kazi mojawapo ya vile vipira ni kulishikilia bamba lisifike kwenye betri. Ving'oe, au funga siti ya pikipiki nyingine iliyokatwa ikakubali, kisha pakia abiria na gunia. Ikiwa imesimama hakuna kitu. Pengo la milimita 3 linatosha. Sasa ingia tuta kwa kilomita 60. Dereva, abiria na gunia wanashuka kwa pamoja, bamba linapinda, linabusu ncha chanya. Bamba tayari limegusa fremu kupitia kufuli ya siti, na fremu ndiyo hasi. Mara ya kwanza ni cheche na taa kufifia, watu wanalaumu swichi. Mara ya pili kuna harufu. Mara ya tatu ncha ya risasi imeyeyuka kidogo ikang'ang'ania bamba, na hapo haiachi. Betri inajimwaga yote kupitia kufuli, waya wa hasi unawaka, na juu yake kuna sponji, ambayo ikishika moto inawahi na moshi wake ni sumu. Mbele ya hapo ni tangi la petroli. Juu ya hayo yote umekaa wewe, na abiria ndiye anayesikia joto kwanza kwa sababu betri iko chini yake.

LamiMpakaArua
Nimefungua siti yangu sasa hivi.

BodaMbale
Fyuzi si itakatika?

WayaMwekundu
Haikatiki. Fyuzi iko kwenye waya unaotoka ncha chanya kwenda kwenye taa na swichi. Umeme huu haupiti huko, unatoka nchani unaingia bambani. Hata swichi ukiizima unaendelea.

MzeeWaShokapu
Boxer betri iko ubavuni, ssebo. Usiwatishe watu. Nilisema vipira, sikusema betri.

WayaMwekundu
Uzi haukusema Boxer peke yake, mzee. Na hata Boxer, siti ikishuka nyuma inakaa juu ya nyaya za taa ya mkiani, inazisaga taratibu mpaka shaba itokee. Anayetaka kubadilisha mteremko apandishe mbele tu, milimita 5 kwanza, na ahakikishe ulimi wa mbele bado unaingia chini ya mshipi wa fremu na kufuli inalia "kwa". Siti isiyolia hiyo "kwa" inafunguka kwenye kona.

Kipimo cha betri ni hiki. Finyanga donge la posho (ugali) ngumu, ukubwa wa limau. Ondoa kwanza waya wa hasi. Funika ncha zote mbili kwa mfuko wa plastiki, weka donge juu ya ncha chanya, funga siti, kalieni wawili, mruke mara tatu. Fungua, pima unene wa posho iliyobaki. Chini ya sentimita 1 siti hiyo isiondoke uwanjani. Ikifika sentimita 1, bado bandika kipande cha tyubu ya tairi chini ya bamba, na ncha chanya ivalishwe kofia ya mpira.

MzeeWaShokapu
Sawa. Vipira vya nyuma virudi.

NyaboWaGia
Mvua nayo, kabla uzi haujafa. Kati ya sponji na reksini iwekwe nailoni moja isiyo na kiraka, la sivyo sponji inanyonya maji kupitia mishono na kila ukikaa inakukamulia. Reksini ianikwe juani nusu saa ilegee, ivutwe mbele kwanza, halafu nyuma, halafu pembeni kuanzia katikati kwenda kwenye kona. Pini za stepla kwenye bamba la plastiki ziwe za milimita 6, zisizoshika kutu. Fundi akitumia za 10 zinatoboa, na maji yanafuata tundu.

JuaLaMoroto
Kwa asiyetaka kushona: mto wa hewa. Kuna Airhawk, na kuna tyubu ya toroli iliyokunjwa ndani ya gunia, msicheke. Ijaze, ikalie, kisha toa hewa mpaka mifupa ibaki na pengo la kidole kimoja juu ya siti. Ikijaa sana pikipiki inakuwa kama mtumbwi kwenye kona.

BodaMbale
Kona za Kabale na tyubu ya toroli. Salimia malaika.

TenereWaKabale
Siti yoyote ile, kila kilomita 100 shuka dakika kumi. Na suruali ya jinzi yenye mshono mnene chini ni siti mbaya ya pili.

LamiMpakaArua
Posho iwe ya mahindi au ya muhogo?

WayaMwekundu
Yoyote, mradi nzito. Lakini isirudi kwenye sahani.