Mafundi wa mashine za boti, mnatutia hasara! Mashine imelala miaka, unaivutaje kamba kavu?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekereka.

Kuna mashine ya boti, Yamaha Enduro ya farasi 40, aliyoiacha marehemu baba mdogo. Tangu atangulie mbele ya haki ililala stoo huku Kilwa, imefunikwa turubai, hakuna aliyeigusa. Kaskazi ilipokaribia nikaona niifufue, nikamwita fundi anayesifiwa pwani nzima. Jina simtaji, maana hayuko peke yake. Mchezo huu mnaucheza wengi.

Nilimwambia mapema: fundi, fungua kwanza. Mashine ikikaa muda mrefu, petroli iliyobaki kwenye kabureta inakauka na kuacha utandu kama gundi, vijitundu vyote vinaziba. Raba ya impela, kile kipangaboi kinachovuta maji ya kupoza mashine, inakakamaa ikiwa imejikunja upande mmoja. Sili za krenki, zile raba za kuziba shafti ya injini, nazo zikikauka zinaingiza hewa, mafuta yanakuwa haba na pistoni inaungua. Jibu lake? "Bosi, usinifundishe kazi. Hizi mimi nalala nazo."

Haya. Akaifunga kwenye gogo, akanyunyizia petroli kidogo, akavuta kamba. Hakuna pipa la maji chini, plagi hazikutolewa, silinda hazikutiwa hata tone la oili zizungushwe kwa mkono kwanza. Ilipokubali kuwaka akaanza kuipiga resi, vijana wanashangilia. Napiga kelele maji, maji! Ananijibu, "Nasikiliza mlio tu." Jamani, impela inalainishwa na maji hayo hayo inayoyavuta! Ikizunguka kavu, sekunde chache tu raba imeungua. Sasa ulikuwa unasikiliza mlio wa nini?

Tukashusha boti majini. Mashine haikojoi, yaani haitoi yale maji ya kupoza kwenye kitundu chake. Kitundu kikavu kabisa, mvuke unafuka, na yeye kakaa nyuma pale anasema, "Chumvi hiyo, ikipata moto itazibuka yenyewe." Akaongeza mafuta. Ikanoki.

Nimempa mtu mwingine aifungue, mimi nimesimama pembeni. Impela imebaki kitovu tu. Kipande kimoja cha raba tumekikuta kimekwama kwenye bomba la kupandishia maji, vingine ukivishika vinabomoka mkononi. Pistoni ya juu imechanika mistari upande wa ekzosi, ringi zimeganda. Tukaja kwenye oili ya gia, ile aliyoapa kwamba kaibadilisha: imetoka nyeupe, imejaa maji, na rangi aliyopaka baba mdogo bado imeziba mkato wa skrubu ya kumwagia. Yaani bisibisi haikuwahi kupita pale! Na impela "mpya" niliyoilipia ndiyo hiyo hiyo ya zamani.

Laki mbili na nusu nimetoa, ufundi na vifaa. Kumuuliza, ananiambia mashine ilikuwa imekufa tangu zamani. Imekufa, ikawakaje kwenye gogo?

Na hii si bodaboda, kwamba ikizima unaisukuma hadi gereji. Ingenoki katikati ya njia ya kisiwa cha Songosongo, watu wamo ndani na upepo umegeuka, tungekuwa tunaongea mengine hapa. Fundi anayekuambia "itakaa sawa tu" yeye anabaki ufukweni.

Anayejua karakana Dar wanaochonga silinda za mashine za boti na kuweka pistoni za ovasaizi, zile kubwa kidogo kuliko za awali, naomba anielekeze. Pia duka la vifaa vya pampu ya maji vya uhakika. Zile impela za bei chee ambazo raba ngumu toka dukani sizitaki. Na tafadhali, asije mtu kuniambia nichanganye oili nyingi "ili ipone". Hii ni lita 1 kwa lita 50 za petroli, ukizidisha unachafua plagi na moshi unakujaa machoni.

Na wewe fundi, najua humu huwa unapita. Pesa ya impela irudishe.