Naomba ushauri: kuhama Bowling Green kwenda Butler County hapa Kentucky

BabaShukuru
Habari zenu ndugu zangu, naomba mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani tumelijadili hili jambo mpaka tumechoka. Sisi ni watu saba, mie na mke wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi, tulitokea kambi ya Nyarugusu tukaletwa Bowling Green na hatujawahi kuishi pengine Marekani. Tuko kwenye apatimenti ya vyumba vitatu, kodi imekuwa ikipanda kila mkataba ukiisha na sa hivi wametuletea mkataba mpya wa dola 1,480 kwa mwezi, maji na taka juu yetu.

Mie nafanya kazi kiwanda cha kuku kule Ohio County shifti ya usiku, mke wangu anafanya usafi hotelini hapa mjini. Sasa jamaa mmoja kazini akaniambia kuna nyumba inauzwa Butler County nje kidogo ya Morgantown, vyumba vitatu, eka tatu na nusu, na lile banda la zamani la kukaushia tumbaku bado limesimama, bei dola 179,000. Mwenyewe anasema kama sitaki mambo ya benki nimpe dauni elfu 20 halafu niwe namlipa yeye kila mwezi. Nilienda kuiona na mama, akainama pale nyuma ya banda akachota udongo akaufikicha kwenye kiganja, akaunusa, akaniambia hapa mahindi na maharage yanakubali. Toka siku hiyo kila nikirudi asubuhi kutoka kazini swali la kwanza ni tumefikia wapi.

Mke wangu hataki. Anasema kule hakuna basi, hakuna duka la vyakula vyetu, kanisa liko huku, na yeye ndo atakuwa barabarani kila siku. Watu kule ni kama 12,000 tu kaunti nzima. Wanaoishi vijijini kusini huku, Kentucky, Tennessee, popote, maisha yakoje kweli? Ni nafuu kama wanavyosema au ni maneno?

Dereva_I65
Kaka karibu. Mimi ushauri wangu weka kodi pembeni kwanza, hesabu maili. Morgantown mpaka Bowling Green ni kama maili 25 kwa ile barabara kuu I-165, mke wako aende na kurudi ni 50 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 50, hiyo ni maili 12,500 kwa mwaka. Gari linalokula galoni moja kwa maili 25 litataka galoni 500, mafuta yakiwa dola 3 ni dola 1,500, mtu akiona hapo anasema aah mbona kidogo. Lakini gari halili mafuta tu. Serikali yenyewe kwa mwaka 2025 ilikadiria senti 70 kwa maili kwa mtu anayetumia gari lake kikazi, humo ndani kuna matairi, oili, bima na gari kuchakaa. Zidisha uone, dola 8,750 kwa mwaka, zaidi ya 700 kwa mwezi. Hata ukisema gari lako ni la zamani ukate nusu bado ni pesa nyingi.

Ila kwa upande wako wewe una bahati, Morgantown iko katikati ya Bowling Green na huko kiwandani kwako, kwa hiyo safari yako inapungua, ya mama watoto ndo inaongezeka. Ziwekeni zote mbili mezani msije mkahesabu ya mmoja. Na mtahitaji magari mawili mazima, sio moja na nusu. Kule gari likizima saa kumi na moja alfajiri hakuna wa kumpigia akakufikisha kazini.

YayaFuraha
Mdogo wangu BabaShukuru, miye niko naishi Logan County na bwana yangu na batoto, tulitoka Bowling Green vilevile kama weye unavyotaka. Nitakuambia byote, bizuri na bibaya.

Bizuri: usiku ni kimya, batoto bako nacheza inje hakuna mtu anagonga mlango kusema makelele. Jirani yangu ni muzee wa kizungu, mwanzo alikuwa anatuangalia tu, theluji ilipoanguka akakuja na trakta yake akafungua njia yetu mpaka ku barabara, hatukumuomba. Mwengine upande ule hajawahi kuitika salamu yangu hata leo, namusalimia tu. Batu ni batu.

Bibaya: mama yako. Weye unasema mama anapenda udongo, ni kweli, lakini December mpaka March hakuna udongo, kuko baridi na matope, weye umelala sababu ulifanya usiku, bibi ya nyumba iko kazini, batoto bako masomo, mama atabakia anaangalia dirisha. Mu Bowling Green anashuka ngazi anakuta mama mwengine wa Fizi, kwetu Congo, wanaongea. Kule atamukuta nani? Mama mukwe wangu alikaa na sisi, akalia mpaka tukapanga kila Ijumaa anapelekwa mjini analala kwa binti yake, Jumapili baada ya kanisa tunarudi naye. Pangeni hiyo kintu mbele ya kusaini karatasi. Na bibi yako, mama ya batoto, akisema hapana usimuvute kwa nguvu, ni yeye atabeba barabara.

BabaShukuru
Yaya asante sana, hiyo ya mama sikuwa nimeifikiria upande wa baridi. Dada yangu anaishi hapa mjini, tunaweza kuongea naye.

Mkigoma_TN
Mkuu kwa nini usivuke mpaka uje Tennessee? Huku hakuna kodi ya jimbo kwenye mshahara, hela yako inakuja ilivyo. Kuna kaunti nyingi za mashamba kaskazini ya Nashville na kazi zipo.

MhasibuWaMtaa
Mkigoma uko sahihi lakini umalizie. Kentucky ni kweli wanakata, ilikuwa asilimia 4 na kuanzia 2026 imeshuka 3.5. Lakini vyakula vya kupika nyumbani Kentucky havina kodi ya mauzo, Tennessee jimbo linakata asilimia 4 kwenye unga, mafuta na nyama na kaunti inaongeza yake juu. Familia ya watu saba inakula unga kiasi gani kwa mwezi? Halafu kuna Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, Kentucky waliipanua tangu 2014 kwa hiyo mtu mzima wa kipato kidogo anaweza kuingia, Tennessee hawakuipanua. Mwenye bima nzuri ya kazini haimgusi, lakini mke anayefanya usafi kwa masaa yasiyoeleweka inamgusa sana.

Sasa nije kwenye nyumba maana hapo ndo penyewe. Kaka, hiyo ya kumlipa mwenyewe kidogo kidogo nakuomba usiingie hivi hivi. Kwenye mikataba ya namna hiyo hati inabaki kwa muuzaji mpaka umalize, na kama yeye mwenyewe ana deni benki juu ya hiyo nyumba na halipi, wewe unalipa kila mwezi na benki inakuja kuichukua. Nimeona familia ikitoka na mabegi baada ya kuezeka bati jipya kwa hela yao. Nenda ofisi ya County Clerk, karani wa kaunti, pale Morgantown uangalie rekodi za hiyo hati, au bora umlipe mwanasheria afanye hiyo kazi, ni mamia ya dola si maelfu.

Njia iliyonyooka ni mkopo wa USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, wa nyumba za vijijini. Uko wa aina mbili. Wa kwanza unapitia benki, serikali inadhamini, dauni hakuna, kuna ada ya asilimia 1 mwanzoni na 0.35 kila mwaka. Wa pili unatoka USDA wenyewe kwa kipato cha chini zaidi, na riba inaweza kushushwa kwa msaada wao hadi asilimia 1. Si lazima uwe raia, mwenye grini kadi anaruhusiwa. Nyumba iwe ya kuishi, sio shamba la biashara.

Hesabu ya nyumba yako kwa ule wa kwanza, riba nikiweka 6.5 kwa miaka 30: kama 1,143 ya mkopo, 53 ya ile ada, kodi ya serikali juu ya nyumba tuseme 130, bima 180. Jumla karibu 1,500 kwa mwezi. Umeona? Ni karibu ileile kodi ya mkataba mpya waliokuletea. Kwa hiyo usihame kwa kutegemea kwamba mwezi utakuwa rahisi, hautakuwa rahisi. Faida ni kwamba ile 1,143 haipandi mkataba ukiisha, na sehemu yake inabaki kuwa mali yako.

FundiAsukulu
Nakazia alipoishia Mhasibu. 1,500 hiyo haina matengenezo. Mimi ndo kazi yangu, nazunguka hizi kaunti narekebisha nyumba, watu wanatoka apatimenti hawajui kwamba kule choo ni chako. Hakuna bomba la serikali, kuna tanki la septiki limezikwa uani, linatakiwa kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na kama lilijengewa watu wawili nyie mko saba litajaa mapema. Uliza lilinyonywa lini na uone risiti. Uliza maji ni ya kampuni au ya kisima, kama kisima yapimwe. Uliza nyumba inapashwa moto na nini, kama ni gesi ya propeni uliza tanki ni la nani na majira ya baridi iliyopita walijaza mara ngapi.

Halafu ardhi ya upande huu chini ni chokaa, ina mapango. Mnakumbuka Februari 2014 pale makumbusho ya Corvette Bowling Green sakafu ilididimia na magari nane yakaingia shimoni. Sikutishi, ila tembea eka zako zote tatu na nusu kwa miguu, ukiona sehemu imebonyea kama bakuli usijenge banda la mbuzi hapo na usimwage taka humo, maji yake yanaenda moja kwa moja kwenye visima. Angalia ramani ya mafuriko ya FEMA, idara ya serikali ya majanga, pia, ni bure, mto Green ukijaa kuna barabara za Butler zinafunikwa. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, watu wanalijua hilo wakati kapeti limeshaloa.

Zimamoto vijijini mara nyingi ni watu wa kujitolea, kwa hiyo bima wanaangalia kituo kiko mbali kiasi gani. Pata bei ya bima KABLA hujaweka ofa. Inspekta wa kukagua nyumba mlipe wewe mwenyewe, usikubali wa muuzaji.

BiZuhura
Samahani nadandia, hiyo ni nyumba ya kujengwa au trela? Sie tulikuwepo Bowling Green usiku ule wa tarehe 11 Desemba 2021 kimbunga kilipopita, sitasahau. Trela si mahali pa kukaa king'ora kikilia, hata kama imefungwa na nyaya.

BabaShukuru
Ya kujengwa Bi Zuhura, ina na chumba cha chini japo kina unyevunyevu.

FundiAsukulu
Unyevunyevu huo usiupite. Mwambie inspekta autazame.

MamaEsta
Mimi naongea ya shamba tu kwa ajili ya bibi. Mwambieni lengalenga, yaani mchicha, kule itaota mpaka muigawe, mahindi, maharage, maboga, bamia, nyanya chungu, vyote vinakuja vizuri joto likiingia. Asipande kabla ya mwanzo wa Mei maana umande wa barafu unarudi ghafla unaua kila kitu. Sombe, yaani kisamvu, inakua kiangazi lakini baridi inaiua, mwezi wa kumi kata vijiti muweke ndani pasipo barafu, mwakani mpande tena. Mimi nafriji sombe na lengalenga ya kutosha mpaka mwezi wa pili, unga peke yake ndo nanunua mjini, gunia kubwa mara moja moja. Hapo ndo unafuu wa kijijini ulipo, kwenye friza.

Na mbuzi. Bowling Green kuna mnada wa mifugo una siku za mbuzi na kondoo, nendeni mkaangalie bei kwanza bila kununua. Fensi kabla ya mbuzi, sio mbuzi kabla ya fensi, kuna koyoti na mbwa wa majirani. Fensi ya eka moja tu inakula hela mkashangaa.

BabaShukuru
Ndugu zangu nimewasomea wote hapa sebuleni jana, mke wangu amesikiliza mpaka mwisho, ya Yaya Furaha ameniomba nirudie. Tumekubaliana hivi: muuzaji nimemwambia bila benki hapana. Wiki ijayo naenda kuulizia mkopo wa USDA, na mke wangu ameanza kuuliza kazi kwenye nyumba ya wazee pale Morgantown, akipata hiyo tunaweka ofa, asipopata tunasaini mkataba wa hapa tusubiri. Mama ameambiwa, hajafurahi lakini ameelewa, anauliza kama anaweza kupata hata kipande cha kulima hapa mjini.

Swali la mwisho, kijana wangu mkubwa anasoma GEO International, ile shule ya wanaojifunza Kiingereza, amebakiza mwaka na anaipenda sana. Tukihama Warren County, yaani kaunti ya hapa Bowling Green, anafukuzwa?

YayaFuraha
Mama anaweza kukuja kwetu Logan kulima Jumamosi, nafasi iko mingi. Nitumie message.

MhasibuWaMtaa
Hafukuzwi moja kwa moja. Wilaya za shule Kentucky zinatakiwa kuwa na sera ya wanafunzi wanaoishi nje ya kaunti, kwa hiyo nenda ofisi ya Warren County Public Schools uulize nafasi na tarehe ya kuomba kabla hujahama, upate jibu kwa maandishi. Hata Butler wakimchukua, kisheria lazima wamsaidie kujifunza Kiingereza, ila uliza wana walimu wangapi wa hiyo kazi. Na basi la Warren usitegemee litamfuata Butler, kwa hiyo mke wako akipata ile kazi ya Morgantown, nani atamleta kijana mjini asubuhi? Hilo lipangeni na wewe unapotoka shifti.