Rada ya boti: pulsi fupi iko poa, pulsi ndefu inaunguza fyuzi

Mleta uzi: Wakuu, habari za kazi. Nina rada ya magnetroni (taa inayozalisha mawimbi ya rada), 9410 MHz, kilowati 25 wakati wa pulsi. Bodi ya kuamsha pulsi iliingia maji ya chumvi ikafa, nikaunda nyingine mwenyewe. Pulsi ya mikrosekunde 0.08, mara 2100 kwa sekunde, inapiga kazi vizuri tu. Nikiweka 1.2, dakika haiishi fyuzi ya modyuleta (saketi inayoipa magnetroni pulsi za volti kubwa) imeungua. Karatasi ya magnetroni inasema dyuti (sehemu ya muda ambayo inarusha mawimbi) isizidi 0.001. Nishushe volti?

Mzee wa Volti: Usiguse volti, magnetroni haitatulia kwenye masafa yake. Ulipoongeza upana ulipunguza idadi ya pulsi?

Mleta uzi: Hapana mkuu, niliacha 2100.

Mzee wa Volti: Basi ndiyo hiyo. Dyuti ni upana mara idadi ya pulsi kwa sekunde. Kwa 0.08 unapata 0.000168; zidisha na kilowati 25, ni wastani wa wati 4 na ushee. Kwa 1.2 unapata 0.00252, yaani wati 63, mara mbili na nusu ya kikomo. Shuka hadi 600: dyuti 0.00072, wati 18. Wala hupungukiwi, maana pulsi ndefu ni ya kuonea mbali. Kwa 600, mwangwi una muda wa kurudi kutoka kilomita 250 kabla pulsi nyingine haijatoka; kwa 2100 ni kilomita 71 tu.

Waya Mbili: Upana upime kwenye pulsi inayofika kwenye magnetroni, usiamini ya bodi. Yangu niliweka 1.0, osiloskopu (kipimo kinachochora umbo la pulsi) ikasoma 1.25. Na kikomo usikiachie programu peke yake, siku ikiganda utalia. Weka saketi ya kuzuia: baada ya pulsi ya 1.2, nyingine isipite kabla ya mikrosekunde 1200. Halafu toa chaji ya kapasita kabla hujaingiza mkono humo.

Mleta uzi: Nimeweka 600, nusu saa sasa imetulia. Ila nikihama kutoka fupi kwenda ndefu, mara mojamoja fyuzi inaondoka. Programu inabadili upana papo hapo, idadi ya pulsi inangoja antena imalize mzunguko.

Waya Mbili: Mizunguko 24 kwa dakika? Hapo unaichoma kwa sekunde mbili na nusu. Ukienda ndefu, punguza idadi kwanza ndipo upanue. Ukirudi, fupisha kwanza.

Mleta uzi: Nageuza leo usiku. Nimebaki na fyuzi moja.