Noah inaninywea petroli, Nungwi–Mjini lita 17. Wapi kuna mafuta rahisi?

Kijana wa Kaskazini
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nina Noah ya petroli, cc 2000, nachukua wageni Nungwi kuwapeleka Mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120. Zamani lita 13 hazifiki, siku hizi lita 17 zinakwisha na taa inawaka. Nauli na mgeni tunapatana kabla hatujaondoka, kwa hiyo kinachozidi natoa mie mfukoni.

Nshapita sheli zote za njiani, Kinyasini mpaka Bububu, bei ni zile zile. Kuna kijana pwani ananipa dumu la lita 20 kwa bei ya chini. Nichukue? Na kweli ukijaza alfajiri unapata mengi zaidi? Plagi na ea klina nimebadilisha mwezi uliopita, msinirudishe huko.

Mama Keri
Waalaykum salaam mwanangu. Bei inatangazwa na ZURA, mamlaka ya maji na nishati Zanzibar, kila mwezi, Unguja na Pemba, nayo inafuata soko la dunia, gharama za meli, bima, na dola ilivyosimama. Ukizunguka sheli kumi kutafuta nafuu ya shilingi ishirini, mafuta ya kuzungukia ndiyo hasara yenyewe.

La alfajiri lisikukoseshe usingizi. Tangi la sheli limefukiwa chini, jua la saa saba halilifikii. Angalia tu pampu isome sifuri kabla hajaanza kutia. Ukitaka kuamka mapema, amkia upepo wa matairi, upime kabla hayajapata moto. Mie nabeba mchele kila Ijumaa kwa keri yangu, kigari cha mizigo. Tairi likilegea unalihisi hata kwenye usukani, gari inakuwa kama inavutwa nyuma.

Nahodha wa Wesha
Dumu la pwani achana nalo, yakhe. Huku Pemba mashine zetu nyingi za boti ni za kuchanganya, lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili. Ukiuziwa iliyokwisha changanywa, hizo plagi zako mpya utazitoa nyeusi tiii, na moshi wageni wataupiga picha. Halafu anayekuuzia chini ya bei ya sheli, muulize kwanza kayapata wapi.

Pwani Mchangani
Uwanja wa ndege unasubiri vipi? Nawaona wenzako wamelala ndani, injini inaunguruma, AC inapuliza, ndege yenyewe imechelewa saa mbili. Saa moja ya hivyo ni karibu lita nzima, na hujenda popote.

Fundi Mwembemakumbi
Nina swali moja tu. Ukifika Mahonda, mshale wa joto umesimama wapi?

Kijana wa Kaskazini
@Pwani Mchangani hapo umenishika. @Fundi, uko chini ya robo, haupandi. Nimefurahi nao, maana mwaka jana gari ilikuwa inachemka, fundi akatoa kidude fulani mbele ya injini, haijachemka tena.

Fundi Mwembemakumbi
Ndicho kinachokula pesa zako. Kidude hicho ni thermostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ukiitoa, maji yanazunguka tangu unawasha, injini inabaki baridi, na kompyuta ya gari ikiona baridi inaongeza petroli kama vile ndiyo kwanza asubuhi. Safari nzima unaendesha gari inayodhani haijaamka.

Lakini usirudishe thermostati peke yake. Ilichemka kwa sababu: rejeta imeziba, au feni haizunguki, au kifuniko kinavuja. Tafuta hiyo kwanza, ama utachemka tena ukiwa na wageni Kinyasini.

Na upime sawasawa. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, andika kilomita, fanya safari, rudi pampu ile ile, jaza mpaka likate tena. Kutia elfu ishirini ishirini halafu kutazama mshale si kupima, ni kubahatisha.

Mzee wa 116
Na mguu wake je? Wale wa Noah nawajua, wakishapita Mahonda wanadhani wanawahi ndege wao.

Kijana wa Kaskazini
Siku tisa baadaye. Rejeta ilikuwa imejaa matope nusu yake, imesafishwa. Thermostati mpya imetiwa, mshale sasa unasimama katikati. Upepo: matairi mawili ya nyuma yalikuwa na 22, mlangoni pameandikwa 33. Jana nimepima kwa njia ya fundi, kilomita 121, lita 12 na nusu. Na Mzee wa 116, nilikwenda 80, nimekusikia.

Yule fundi wa mwanzo nilimpitia. Thermostati yangu ya zamani bado anayo, imo ndani ya kopo la misumari pamoja na nyengine kama saba za watu.

Fundi Mwembemakumbi
Saba tu?